Kasia Mgongoni

Mama yangu aliniambia uchungu huanza tumboni. Kwa hiyo Jumamosi ile kiuno kiliponikamata, niliulaumu udongo. Tangu niolewe Ikombe nikitokea Ndandalo nilikuwa nakanda udongo wa vyungu, na kuumwa mgongo kwangu haikuwa habari. Nikajilaza, nikangoja maumivu yapite. Yalipita, yakarudi, yakapita, yakarudi tena, kila mara palepale chini ya kiuno, tumbo limetulia utadhani halihusiki. Maji yaliponitiririka miguuni ndipo nilipopiga kelele.

Wanawake walikuwa wamepeleka vyungu sokoni Matema, mama mkwe akiwa mbele yao. Mume wangu alikuwa Kyela mjini. Aliyenisikia ni baba mkwe.

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, hamgusi, wala jina lake halitamki. Tulikuwa tunakwepana kwa bidii: yeye akikohoa njiani, mimi naingia migombani. Sasa alisimama nyuma ya nyumba, akauambia ukuta, "Mwenye safari ya hospitali, mtumbwi uko tayari."

Nilijifunika kanga usoni, nikapanda, nikampa mgongo.

Jamani, niliogopa! Tukiwa mbali na ufuko uchungu ulinirudia, nikaona uti wa mgongo unakatika. Nikapiga magoti, nikashika ukingo, mtumbwi ukayumba. Mtoto akitoka hapa, nani atampokea? Mtu pekee aliyekuwepo hakuruhusiwa hata kuniangalia. Niliona kabisa kwamba tutakufa, mimi na mwanangu, kwa sababu ya heshima.

"Mgongo unavunjika!" nikalia, bila kumwambia yeyote.

"Abaki na magoti hayohayo," sauti ikaliambia ziwa. "Aegemee mbele."

Kisha nikahisi kitu kigumu chini ya kiuno. Kilikuwa kitako cha kasia. Alikandamiza kwa nguvu, na maumivu yakalegea kidogo, nikaweza kuvuta pumzi. Uchungu ulipopita akaliondoa, akapiga kasia. Uliporudi, aliuacha mtumbwi uelee, akakandamiza tena. Nilishukuru na niliogopa, maana kila alipokandamiza tulikuwa hatuendi, na Matema ilikuwa bado mbali.

Tulifika. Muuguzi alinieleza kwamba mtoto alikuwa amegeuza uso kuelekea tumbo langu, kisogo chake kikigandamiza mgongo, na kwamba wengi wa namna hiyo hujigeuza wenyewe. Akaniacha nipige magoti, akanikanda kwa ngumi palepale.

"Njiani ulikuwa unakandwa na nani?" akauliza. "Una alama hapa."

Ningemtaja vipi?

Binti yangu alizaliwa jua likiwa bado juu. Mama mkwe alipofika mbio kutoka sokoni, nilimwomba ampelekee mzee shukrani zangu: ndaga fijo.

Alitoka, akakawia kidogo, akarudi.

"Yuko nyuma ya jengo," akasema. "Mtoto hajamuulizia bado. Anaulizia mgongo wako."