Upande wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ya kawaida ni kutoka kitini hadi langoni kuona kama kuku wamefunguliwa. Ndiyo maana hakuna aliyeelewa kwa nini nilichukua gari kuukuu aina ya stesheni wagoni, nikaliinua kwa springi ndefu na kulivalisha tairi kubwa za matope. Nilisema ni kwa sababu ya barabara ya Kalamba.

"Barabara ya Kalamba ulipita lini?" mke wangu aliuliza.

Sikuwa nimepita. Kazi ya gari ikabaki moja tu: Jumapili, kutupeleka kanisani Tawa na kumchukua mama mkwe njiani, maana magoti yake yalikuwa yamekataa kutembea. Kwa kuwa gari lilikuwa juu, alipandia kigoda, akakaa nyuma yangu, upande wa kulia. Alikichagua kiti hicho mwenyewe. Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima ya kuogopana kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamtazamani usoni, na kama kuna neno, linapitia kwa mtu mwingine. Nyuma ya dereva palifaa sana. Kioo cha ndani nilikigeuza kikatazama dari.

Shida ni kwamba akishaingia, tukifika kwenye shimo la kwanza, tairi ya nyuma ililia krrrr, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani. Kabla hajapanda, kimya. Akishuka, kimya. Jumapili ya tatu alimwambia binti yake, nami nasikia kila neno:

"Mwambie huyo gari yake inalia nikiingia."

Wiki iliyofuata alituma ujumbe kwamba ataombea nyumbani. Huyu ni mama ambaye kanisa lile alilibebea mawe ya msingi. Zaidi ya hapo hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na sasa alikuwa akijifungia ndani kwa kuonea mwili wake haya.

Nikapeleka gari kwa fundi, kijana mwembamba mwenye maneno mengi.

"Inakwaruza ukibeba nini?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningetajaje uzito wa mama mkwe mbele ya watu? Nikasema, "Gunia la ndengu."

Fundi akaleta gunia la ndengu, akaliweka kwenye buti, katikati, akalitikisa gari. Kimya. Hata hivyo akagonga ukingo wa madigadi kwa nyundo ukalala, akakata plastiki ya ndani, akaniambia niende na amani. Mke wangu alimbembeleza mama yake siku tatu ndipo akakubali kupanda tena. Shimo la kwanza: krrrr.

"Mwambie anirudishe," alisema. Nikamrudisha. Tukaingia kanisani tukiwa tumechelewa, sisi wawili tu.

Jumatatu fundi, baada ya kusikia gari bado linalia, alikuja kwangu mwenyewe, amekasirika kwa ajili ya jina lake. "Mzee, hiyo gunia yako ya ndengu ina kilo ngapi?"

Nikatazama kuku.

"Hiyo gunia ni mama yangu," mke wangu alisema.

Fundi alicheka mpaka akashika lango. Kisha akasema hawezi kutibu gari bila mgonjwa, twende hadi kwa huyo mama. Nilidhani atatufukuza. Mke wangu aliingia ndani kuongea naye, mimi nikabaki kando ya zizi la mbuzi nikijifanya nakagua miti. Mama mkwe akatoka na kigoda chake mkononi.

"Nikae wapi?"

"Pale pale pako, susu," fundi alijibu, kama wanavyoitwa nyanya wa huku. Alipaka chaki tairi ya nyuma ya kulia, akalitikisa gari. Chaki ikafutika upande wa nje. "Sasa hamia kushoto." Akapaka chaki tairi ya pili, akatikisa kwa nguvu zaidi. Chaki haikuguswa.

"Kwani upande huu nimekonda?" mama mkwe aliuliza kupitia dirishani.

Fundi akapima nafasi kati ya tairi na bodi kwa vidole. Kushoto vidole vitatu. Kulia, kimoja, tena cha kulazimisha. Akanigeukia. "Ulipoinua hii gari, rodi ulibadilisha?"

"Rodi gani?"

Akanionyesha chuma kirefu kinachoshika ekseli ya nyuma isiende kando. Gari limeinuliwa, chuma kimebaki urefu ule ule, kwa hivyo kimevuta ekseli yote kulia. "Nani alikufanyia hii kazi?"

Niliifanya mwenyewe, uani, nikifuata video kwenye simu. Nilisema hivyo polepole.

Mama mkwe alishuka. Alimwambia binti yake, "Mwambie huyo akae yeye pale kwangu."

Nikakaa. Mimi si mwepesi. Kazi ya kukaa nimeifanya miaka mingi. Fundi akapaka chaki upya, wala hakutikisa hata mara mbili. Krrrr, kuliko siku zote. Mama mkwe aliinama kwa shida, akaiangalia tairi, akaikuta haina chaki hata ya dawa.

"Basi si mimi," alisema. Hakumwambia mtu yeyote amwambie mtu.

Fundi alifunga rodi inayoweza kurefushwa, akaisogeza mpaka vidole vikalingana pande zote. Jumapili mama mkwe alikuwa kando ya barabara kabla hatujafika, Biblia kwapani. Mashimo yote tuliyapita kimya.

Wakati wa ushuhuda alisimama. Akaanza tangu siku nilipoleta zile springi nyumbani, akaeleza nilivyojifunza ufundi kwa simu, nilivyomwita ndengu, chaki ilivyofutika nilipokaa mimi. Watu walisema amina kila mahali palipofaa, na pengine pasipofaa. Ushuhuda ulichukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe, na hakuruka hata nati moja.