Mahali pa Kupishana

Daraja la kuingilia Msambweni lilikuwa jembamba, la gari moja tu. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, malori ya miwa yalikutana hapo na ng'ombe waliotoka Kinango, na kila dereva akaapa kwamba harudi nyuma. Jua linawaka, honi zinalia, matusi mpaka ya wazazi. Sisi wauza mihogo tulifurahi, maana foleni ndiyo iliyotuletea wateja.

Tulichoka kuisubiri serikali, tukaitana harambee. Tulikwenda na majembe na makarai, tukapanua kando ya barabara kabla ya daraja, tukapanga mawe na kushindilia changarawe. Lori moja liingie pembeni lisubiri, jingine lipite. Basi! Wiki mbili hatukusikia honi.

Lakini kwetu, aliyefyeka ndiye mwenye shamba. Nilipopanga mawe yangu pakawa pangu, nikasimika kibanda cha makuti na jiko langu. Wenzangu wakafuata. Madereva walipofoka niliwauliza, "Wewe ulishika jembe hapa?" Nikajiona nimesema.

Foleni ikarudi. Asubuhi moja malori mawili yakatazamana darajani. Dereva wa upande wetu akanipigia kelele, "Mama, ondoa kibanda niingie! Nyuma yangu kuna mgonjwa!"

Nikamcheka. Kila siku mgonjwa, mgonjwa! Nikaendelea kumenya mihogo. Aliomba, akatukana, akaomba tena. Sikuinuka.

Kisha nikasikia mtu akilia, "Mama! Mama yangu!" Wallahi, sauti ya mwana haifichiki. Alikuwa binti yangu, mimba yake ya kwanza, analetwa hospitali kwa gari la kuazima, na uchungu umemshika tangu alfajiri.

Nilipiga jiko teke. Niling'oa nguzo kwa mikono, makaa yakaniunguza, sikuyajali. Lori likaingia juu ya sufuria zangu, la ng'ambo likavuka, gari la binti yangu likapita, nami nikalikimbilia nyuma.

Mtoto alizaliwa, hakulia. Mkunga alisema, "Mngefika mapema kidogo tu."

Watu walikuja kunipa pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami niliinama nikapokea, kwa aibu. Wakamwuliza binti yangu ilikuwaje. Alinitazama kwanza.

"Njia ilifungika," akasema.

Hakusema aliifunga nani. Mpaka leo hajasema.