Mwanafunzi Wangu, Mwalimu Wake

Binti yule alitoka Kiongoroni, kule delta karibu na bahari, akaletwa bwenini kwetu Kibiti akiwa hawezi hata kuinua uso. Ukimuuliza jambo darasani, alijibu akiitazama meza. Mimi nilikuwa mwalimu wake wa Kiswahili. Jumamosi moja nilimwombea ruhusa kwa mlezi wa bweni, nikamchukua nyumbani kwangu. Tangu hapo ikawa desturi.

Nyumbani sikumfundisha sarufi. Nilimpa nazi akune huku akinisimulia habari za kwao, na sauti ilipozama nilimwambia, "Sikusikii, mwanangu, mbuzi wanapiga kelele." Mbuzi hawakuwepo. Akicheka, sauti ilitoka. Nilimpeleka hadi Mtawanya, kwenye kikundi chetu cha wanawake tunaolima ufuta, nikaomba aongoze kikao. Wale mama walimkatiza, wakabishana, mpaka akajua namna ya kumtuliza mtu mzima bila kumvunjia heshima. Nilikuwa na hakika kwamba nalea kiongozi, na kwamba ni wangu.

Alipofika kidato cha tatu, akaja mwalimu mgeni kutoka Dar es Salaam, msichana mwenye miwani na kicheko cha karibu. Akaanzisha klabu ya midahalo. Jumamosi ya kwanza binti hakuja, nikadhani anaumwa. Iliyofuata nilipika wali wa nazi, nikaula na wanangu. Baadaye nikamsikia anasema "kiukweli" kila anapofungua mdomo, kama yule mgeni. Moyo uliniwaka. Laiti angekuwa mke mwenza, ningejua pa kumshika. Lakini mwalimu mwenzio anayekuamkia kila asubuhi, tena kwa moyo safi, utamwambia nini?

"Dada, binti yule ana kipaji," aliniambia siku moja ofisini kwa walimu. "Sijui kakitoa wapi!"

"Mungu ndiye mgawaji," nikamjibu, nikaendelea kusahihisha.

Wakati ule wanafunzi wa delta waliochelewa shule inapofunguliwa waliadhibiwa kufyeka majani. Binti alinilalamikia, nami nikamwambia avute subira, nitazungumza na mkuu wa shule. Mgeni akamwambia aombe nafasi kwenye mkutano wa wazazi. Sikuambiwa. Nilimwona tu anasimama.

"Shikamooni wazazi wetu," alianza, uso juu. "Wenzetu wanasubiri gari. Sisi tunasubiri maji yajae, na maji hayajui kengele ya shule."

"Si muondoke mapema!" mzee mmoja akamkatiza.

Alimwacha amalize. "Ni kweli, babu, na mapema tunaondoka. Lakini boti ikikwama kwenye matope, umapema wenyewe unaishia hapo."

Watu wakacheka, mzee naye akacheka. Mkuu wa shule akaifuta adhabu palepale.

Ule utulivu wa kumwacha mzee amalize ulitoka Mtawanya. Niliutambua kama mtu anavyotambua mshono wake. Lakini aliposhuka jukwaani alimkimbilia mgeni, wakakumbatiana. Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine hadi viganja vikaniuma.

Sasa binti amemaliza chuo, anafundisha kwao, na wanakijiji wamemchagua kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Mgeni alishahamishiwa mbali. Juzi binti alinipigia, tukacheka weee, kisha akataja kwamba yeye na mwalimu yule huzungumza kila wiki.

"Kila wiki?"

"Ndiyo, mwalimu. Tena tunakutaja sana."

Nikamwambia amfikishie salamu. Salamu zilinitoka kwa shida.

Amenialika Kiongoroni nikawaone wasichana anaokaa nao jioni akiwafundisha kusimama mbele za watu. Nitakwenda shule zikifungwa. Nimeuliza, kwa kuzungukazunguka, kama yule mwenzangu amewahi kufika huko. Hajafika.