Opereta na Wale Arobaini

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyingine zote, Opereta alimkemea mumewe kwa sababu ya soksi. Moja ilikuwa ya kijivu, nyingine nyeusi.

"Fundi, ndivyo unavyotoka?"

"Nani ataziona? Ziko ndani ya viatu."

"Mimi nimeziona."

Mzee akakaa, akavua, akavaa mbili zinazofanana. Wakanywa chai. Opereta alikula mkate akaacha ganda, kama alivyofanya miaka arobaini na moja, na mzee akalila, kama alivyofanya miaka hiyohiyo. Kisha akaenda kwenye karakana yake ya makochi. Aliporudi saa saba alimkuta mkewe amejilaza. Miguu imechoka, alisema. Saa tisa mzee alikwenda kumwamsha, hakuamka.

Basi. Kifo chake hakina hadithi. Hadithi iko kwenye maisha.

Opereta si jina alilopewa na wazazi. Lilikuwa jina la kazi, likamganda kama gundi ya mbao. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye meza ya simu ya kampuni ya vipuri, katika chumba kisicho na dirisha, akipokea na kuunganisha. Watu walipiga kuulizia vipuri, wakimaliza wanauliza na mengine: Mama, humjui fundi wa friji? Mama, nani anaweza kuziba paa? Opereta hakupenda kusema sijui. Akanunua daftari gumu, akaanza kuandika mafundi. Lakini hakuandika jina la mtu aliyesikia tu kwamba ni hodari. Jumamosi alikwenda mwenyewe, akaona.

Mume naye alimpata hukohuko. Kiti cha meza ya simu kilikuwa kinalia, wakamwita fundi wa makochi aje akitengeneze. Akakitengeneza. Baada ya wiki akaitwa tena. Mara ya tatu kiti hakikuwa na kasoro yoyote, na wote wawili walijua.

Kampuni ilipoleta mashine ya kujibu simu yenyewe, Opereta alirudi nyumbani na vitu viwili: saa ya ukutani ya kumuaga na lile daftari. Saa ilikufa baada ya mwezi. Daftari likazidi kunenepa.

Watoto wa kuzaa hawakujaliwa. Walikuwa na binti wa kaka yake Opereta, aliyekuja kwao akiwa na miaka tisa baada ya wazazi wake kufariki, na hakuondoka mpaka alipopata kazi. Alimwita Opereta shangazi na mzee mjomba, lakini akiumwa aliita mama. Binti huyu alisomea kompyuta. Siku moja alichukua daftari, akakaa nalo majuma matatu, akasema, "Shangazi, sasa uko mtandaoni. Hii inaitwa saraka."

Saraka ile ilikuwa daftari lilelile, ila mtu yeyote mwenye simu aliweza kulifungua. Ukitafuta fundi wa vioo, jina linatokea, mtaa, namba, na ukilibonyeza jina unapelekwa kwenye tovuti ya fundi mwenyewe, kama anayo. Mzee na maandishi hawakuwahi kupatana, lakini hilo alilielewa upesi. Ni mtu anayesimama njia panda akisema, pita pale, mlango wa tatu.

Kuingia haikuwa rahisi. Opereta alifika kwa fundi bila kupiga hodi ya simu, akakataa soda, akasema, "Nionyeshe kazi uliyorudishiwa."

Wengine walicheka. Wengine waliapa kwamba tangu wazaliwe hakuna mteja aliyewarudishia kazi. Hao aliwaaga kwa adabu na hakuwaandika. Fundi ambaye hajawahi kurudishiwa kazi, alisema, ama ni mwongo ama hajaanza kazi. Aliyekwenda nyuma akatoa kabati lililopinda, akaeleza lilipinda kwa nini na atalinyoosha vipi, huyo aliingia.

Na aliyeingia alipigiwa kila baada ya miezi mitatu. Asipopokea mara mbili, anatoka. Ndivyo mzee mwenyewe alivyofutwa.

"Umenitoa?" aliuliza mezani.

"Nilikupigia mara mbili."

"Nilikuwa napiga misumari. Isitoshe ulikuwa chumba cha pili."

"Mteja hatakuwa chumba cha pili."

"Opereta, mimi ni mumeo."

"Ndiyo maana. Wataniambia nini watu?"

Alikaa nje miezi mitatu, kama mtu yeyote, kisha akaomba upya. Alimwonyesha kochi alilorudishiwa na dada yake Opereta. Akaingizwa.

Miaka ikaenda. Yule binti akapata kazi katika ofisi ambayo biashara yake ilikuwa kupandisha tovuti za watu, ili mtu akitafuta kitu azione za kwanza. Akija Jumapili alikuwa akimtania shangazi yake. Saraka zimepitwa na wakati, alisema. Zamani mtambo wa kutafutia vitu mtandaoni ulihesabu ni tovuti ngapi zinakuelekezea watu, na kila moja ikawa kama shahidi wako. Basi watu wakajiandikisha kwenye saraka mia, mia mbili, hata zile ambazo hakuna binadamu anayezisoma. Mtambo ukashtuka. Sasa shahidi anayemtetea kila mtu haumsikilizi.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," mzee alichomeka.

"Chema chajiuza," Opereta akasema, "lakini sharti kwanza kijulikane kilipo. Kula."

Halafu ikaja Jumapili ambayo binti hakutania. Aliweka karatasi mezani. Ilikuwa na biashara arobaini, wateja wa ofisi yake.

"Shangazi, naomba uziingize."

"Si wewe uliyesema saraka zimekufa?"

"Zimekufa. Yako ndiyo imebaki. Mtambo unaiamini."

"Kwa hiyo unaniletea maiti arobaini niwalaze na walio hai."

Binti hakucheka. Alisema bosi amempa mpaka Ijumaa. Asipopata mahali pazuri pa kuwaweka hao, atoke. Alisema hayo akitazama kikombe.

Mzee alijimiminia chai. Alimjua mkewe: mbele ya mafundi alikuwa chuma, mbele ya huyu binti alikuwa pamba. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Opereta alivaa miwani, akaenda kwenye kompyuta, akawaingiza wote arobaini kabla jua halijashuka, mgongo akiwa ameupa mlango. Hakuuliza swali hata moja. Binti alimbusu kisogoni akaondoka anakimbia.

Miezi miwili baadaye alikuja fundi vioo, mtu wa ukurasa wa kwanza wa daftari. Alikaa ukingoni mwa kochi kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Simu imenyamaza. Kila wiki nilikuwa napata watano, sita, wanasema wamekuona wewe. Sasa hata wa kukosea namba hapigi."

Siku ya pili akapiga mama mmoja. Bomba lake la jikoni lilipasuka, akafungua saraka, akawapigia mafundi bomba watatu wenye majina matatu tofauti. Namba ilikuwa moja, na haikupokelewa. Maji yakafika chumbani. Hakugomba. Alisema tu, "Nilikuamini wewe," akakata. Opereta alibaki ameshika simu. Miaka ishirini na sita ya kuunganisha watu, na hakuwahi kumuunganisha mtu na ukuta.

Binti akaitwa, akaeleza bila kuficha. Wale arobaini walikuwa wameandikwa kwenye saraka mia tatu nyingine, kwa maneno yaleyale, hata makosa yaleyale. Mtambo umeona maneno hayo kwa Opereta, umemhesabu kuwa sawa na saraka hizo. Umemsukuma chini, na mafundi wake wameshuka naye.

"Futa wote, yaishe," mzee akasema.

"Siwezi."

"Kidole kimoja tu."

"Niliwaingiza bila kuwaona. Siwatoi bila kuwaona. Huenda mmoja wao ni fundi kweli."

"Shangazi," binti akasema, "ukiwatoa, natoka mimi."

"Nimesikia."

Walitembea siku tisa, yeye na mzee. Opereta alishika karatasi, mzee mwavuli. Mahali pa kwanza palikuwa kiwanja chenye nyasi. Pa pili palikuwa duka la dawa, muuzaji alimtazama akasema, "Mama, wewe ni wa tano wiki hii kuniuliza fundi umeme." Kwenye ghorofa moja kulikuwa na chumba kimoja chenye kufuli lenye kutu, na humo, kwa mujibu wa karatasi, zilikaa biashara kumi na moja.

"Wanabanana," mzee akasema.

Opereta akapiga mstari, wakaendelea.

Siku ya sita walimkuta fundi wa kutengeneza cherehani, mwanamke wa makamo, katika chumba cha nyuma ya stoo ya mbao. Alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi. Alikwenda ile ofisi ya binti kwa sababu alitaka watu wamjue, basi; hizo saraka mia tatu hakuzijua hata kwa jina.

"Nionyeshe kazi uliyorudishiwa," Opereta akamwambia.

Akainama, akavuta cherehani kutoka chini ya meza. "Hii. Imerudi mara mbili. Tatizo nimelijua jana, ya tatu nitaiweza."

Opereta akavuta kigoda akakaa. Alikuwa hajakaa tangu asubuhi.

Katika arobaini walipatikana sita. Thelathini na wanne akawafuta, mmoja mmoja, akisoma jina la kila mmoja kwa sauti. Mafundi wake akawapigia, akawaambia kosa ni lake. Yule mama wa bomba akampelekea fundi, akasimama jikoni mpaka kazi ikaisha.

Binti alitolewa kazini wiki hiyohiyo. Alikuja, hakukaa.

"Umemchagua fundi vioo, mimi ukaniacha."

"Wewe sikukuacha," Opereta alisema. "Nimewaacha wale."

"Kwangu ni kitu kimoja." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Miezi mitano hakukanyaga. Akipigiwa simu, alijibu maneno matatu. Opereta aliendelea kupika chakula cha watu watatu kila Jumapili, na mzee akaendelea kula cha wawili, mpaka suruali zikamkataa. Hawakulizungumza. Mara moja tu, akikunja nguo, Opereta alisema kosa lake halikuwa kuwatoa. Lilikuwa Jumapili ile, kumpa mtoto alichotaka kwa sababu ya kukosa ujasiri wa kumwona analia. Akazipeleka nguo kabatini.

Saraka ilirudi juu polepole, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Mwezi wa nne fundi vioo akapiga: "Mama, wiki hii wanne." Opereta akasema vizuri, akaandika.

Mwezi wa tano, Jumamosi, mlango ukagongwa. Mzee ndiye aliyefungua. Binti alikuwa amesimama na mkoba kifuani, amekonda.

"Mjomba, yupo?"

"Angekwenda wapi?"

Opereta alitoka jikoni na kitambaa mkononi. Walitazamana. Mzee akatafuta kitu cha kufanya, akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Nimekuja na swali la kazi," binti akasema.

"Uliza ukiwa umekaa."

Akakaa. Alieleza kwamba sasa anafanya kazi peke yake, na mteja wake wa kwanza alikuwa yule fundi wa cherehani, ambaye alimtafuta mwenyewe. Alipotazama watu wanafikaje kwenye tovuti ya fundi huyo, alikuta zile saraka mia tatu zimeleta watu wawili. Saraka moja imeleta sitini na tatu. Na tangu saraka hiyo moja imwelekezee, mtambo nao umempandisha.

"Nilikaa nikizitazama hizo namba," binti alisema. "Nikaona haya."

"Haya ya nini? Wewe ndiye uliyenifungulia hiyo saraka."

"Nilikuwa nimekasirika, shangazi."

"Nilijua. Niliona mlango."

Binti akacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Opereta hakumkimbilia. Safari hii alimwacha alie mpaka amalize, akampa kile kitambaa, chenye harufu ya vitunguu.

"Wateja wananiuliza," binti akasema alipopata pumzi. "Kila mmoja. Saraka za mtandao bado zina faida, au ni kupoteza muda? Niwajibu nini?"

Mzee alikuwa palepale, na alisikia kila neno. Leo binti ndiye anayeishika saraka, na mtu akija kuuliza ilikuwaje, mzee humwambia jibu la Opereta kama lilivyotoka, haongezi wala hapunguzi:

"Saraka ya mtu aliyekwenda akagonga mlango ina faida, na itakuwa nayo hata mitambo ikibadilika mara mia. Ya mtu aliyejaza majina akiwa amekaa, hata ukipewa bure ni ghali. Kesho saa mbili uwe hapa, tuna watano wa kuwaona."