Mpaka Ulisogea, Watu Wakanywa Chai

Mimi darasa la tano sikulimaliza. Siasa ya Waingereza nimeisomea shambani, nimeinama, nang'oa vitunguu vya majani. Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikuwa tunakaa mtaa wa Ladywood, ghorofani, lifti haifanyi kazi. Kila asubuhi gari lilitubeba, sisi Wakongomani watupu, hadi mashamba ya nje ya Birmingham. Dereva alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi.

Mwenye shamba alikuwa mzee mrefu wa masikio mekundu. Siku moja akanionyesha nyumba ya matofali nyuma ya ghala, akasema naweza kupanga pale na familia. Mke wangu, ambaye usiku alikuwa akipiga kelele ndotoni mpaka majirani wagonge ukuta, alitaka kitu kimoja tu: nimhakikishie kwamba pale watu hawauani kwa ajili ya ardhi.

Nikaanza kuuliza. Mzee akanieleza jimbo lao la uchaguzi, dereva akitafsiri. Mto umewazunguka pande mbili. Nyuma ya kilima kuna mji wa viwanda, wa chama chekundu. Wao, toka babu yake, wanachagua bluu, chama cha wenye mashamba. Zamani mbunge ndiye alikuwa na lile jumba kubwa juu, na vibarua walipiga kura kwa kuangalia yeye anaangalia wapi.

"Hatujawahi kushindwa," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikashangaa. Washinde miaka yote hiyo, na walioshindwa bado wanakaa jirani, wana mikono yao miwili?

Halafu Jumatatu moja dereva akatuambia garini: "Wazee, mmesikia? Kijiji cha mdosi, huyu bosi wenu, kinatolewa jimbo hili, kinapelekwa lile la mjini."

Mama mmoja nyuma akaanza kusali.

"Sasa mnaomboleza nini? Ni laini tu kwa ramani, bana!"

"Na kwetu walianza na ramani," nikamwambia.

Kilima chetu kule Kivu kilitolewa kwa mwami mmoja, yaani chifu, kikapewa mwingine. Majina siyaandiki, ila wakisoma watajijua. Mkuu wa wilaya aliyepiga muhuri baada ya kula mbuzi wa pande zote mbili. Mwalimu wa shule aliyesimama sokoni na kipaza sauti, akatuita wageni. Mfanyabiashara wa mbao aliyetoa malori ya kubebea wenye mapanga. Mama yangu na kaka zangu wawili wamebaki kule, chini ya udongo. Mkuu, mwalimu na mfanyabiashara, hao watatu wanakula vizuri. Mwalimu, nasikia, sasa anaitwa mheshimiwa.

Nikamwambia dereva nyumba siitaki tena.

"Mzee, Jumamosi wana mkutano kuhusu hiyo maneno. Twende ujionee. Ukiona panga, mimi ndio nitatoroka wa kwanza, na funguo ya gari niko nayo."

Bon, haya, tukaenda. Ukumbi wa kanisa, ramani ukutani, karibu wote wazee, mbwa amelala chini ya kiti. Nilikaa karibu na mlango. Mwenye shamba akasema kijiji kibaki kilipo. Bibi mmoja wa koti la kijani akasimama, akamnyooshea kidole. Dereva ananitafsiria sikioni.

"Maisha yangu yote nawapigia wekundu kura ya bure hapa! Tukienda mjini, angalau yangu itakuwa na kazi!"

Watu wakaguna. Mwenye shamba akapiga meza. Nikamshika dereva mkono. "Tutoke."

"Tulia, mzee."

"Umekosea, kama kawaida yako," mwenye shamba akamwambia bibi.

"Na wewe mbishi kama baba yako!"

Watu wakacheka. Bibi akaenda kwenye birika, akamimina chai, akatia sukari vijiko viwili, akampelekea mwenye shamba. Hakumuuliza anataka sukari ngapi. Alikuwa anajua!

Machozi yalinitoka. Dereva alidhani ni furaha. Ilikuwa hasira pia. Kumbe jambo lenyewe ni viti, ramani na birika? Viti tulikuwa navyo. Na chai si tunailima sisi wenyewe, vilima vizima! Wale watatu wa Kivu hawakukosa kitu.

Miezi ikapita, jibu la tume ya mipaka likaja: kijiji kinahamia jimbo la mjini. Mwenye shamba alituambia asubuhi, akakohoa, akatuonyesha mstari wa kuanzia kazi.

Jioni nikamwambia mke wangu, "Mpaka umesogea."

Akaacha kusonga ugali. "Wamekufa wangapi?"

"Hakuna."

"Waliokimbia?"

"Hakuna. Yule bibi amempelekea mzee keki."

Akaniangalia sana, kama mtu anayetafuta uongo usoni mwangu.

"Nyumba ya huko shambani nitaiona baadaye, baba watoto," akasema. "Kwanza nipeleke kwa huyo bibi. Nataka kumwona kwa macho yangu."