Ukuta Uliofura Mbele ya Wakwe

Harufu ya rangi ya mafuta bado hunipandisha joto masikioni. Jirani akipaka geti lake tu, narudi nyumbani kwetu Kilungu, msimu wa baridi na ukungu, mwaka ambao wakwe walikuwa waje kutoka Kabati na mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa rasmi dada yangu Mwende. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali matupu, na Mama hakutaka mtu aseme Mwende ametoka kwenye nyumba isiyovaa nguo. Hilo lilimnyima usingizi. Binti akidharauliwa siku ya kwanza, alisema, atadharauliwa hadi uzeeni.

Fundi alipiga plasta, akaweka pimamaji ukutani, akaniruhusu nitazame kile kipovu cha hewa kikitulia katikati ya mistari. Kisha akatuonya. "Mama Mwende, huku kwenu jua ni ya kubahatisha. Hii plasta iachwe ikauke pole pole, rangi ngojeni kwanza." Mama akamjibu kwamba wakwe hawangojei plasta. Haraka haraka haina baraka, sote tulijua, lakini methali ni tamu kwa asiyetarajia wageni. Akachagua rangi ya mafuta, kijani ya kung'aa, kwa kuwa inapanguswa kwa kitambaa. Nyumba ikapendeza hadi majirani wakawa wanapita kwetu bila safari.

Asubuhi ya ntheo nilikuwa nikisugua sakafu, povu la sabuni hadi viwikoni, nilipoona ukuta wa sebuleni umeota malengelenge. Maji yaliyofungiwa ndani ya plasta yalikuwa yakitafuta njia ya kutokea, na rangi ilikuwa imefura kuyazuia. Mengine yalikuwa madogo kama kunde, mengine ya kujaza kiganja. Mama alibonyeza moja, likapasuka, rangi ikaning'inia. Tukayafunika mengine kwa vitambaa vya makochi na kumwomba Mungu.

Mgeni njoo mwenyeji apone, watu husema. Sisi hatukupona. Mama wa mchumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliegemea ukuta, lengelenge likapasuka, maji yakamtiririka begani na ganda la kijani likanata kwenye leso yake nyeupe. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alisimama na sinia ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, mikononi.

Yule mama alijipangusa, akautazama ukuta. "Sisi kwetu Kabati tunachimba maji kwa mchanga ya mto," akasema. "Nyinyi mko nayo mpaka kwa ukuta. Huyu msichana atatuletea baraka." Wazee wakacheka, muthokoi ikaliwa, mbuzi wakapokewa. Mwende akaolewa, na hakuna aliyewahi kumkumbusha ukuta ule. Mimi ndiye niliyeendelea kuona haya, nikawa natafuta visingizio ili wanafunzi wenzangu wasije kwetu.

Sasa mimi ni mtu mzima, na aibu yangu ni ya nyumba nyingine. Bei za nyumba za mji wa Salama, kando ya barabara kuu, zilipovimba, kila mtu alinunua kwa sababu mwenzake amenunua. Nami nikanunua, tena nikamshawishi mume wa Mwende auze ng'ombe wa mama yake ili tushirikiane. Nilimwambia nyumba haishuki bei. Bei zikanywea, wanunuzi wakatoweka, na nyumba yetu imesimama tupu, kuta zake laini kabisa, bila hata alama ya kidole.

Mama aliaibika mbele ya watu, na kabla jua halijatua alikuwa amesamehewa. Aibu yangu hakuna anayeiona, kwa hiyo haiishi. Kila Jumapili baada ya ibada, mama mkwe wa Mwende, ambaye sasa ni mzee na boma lake halina ng'ombe, hunipigia simu. "Mwanangu, umekula?" huniuliza. Hajawahi kunitajia ng'ombe.