Kisu Changu Mbele ya Wakwe

Jumamosi nyingi nilijifungia uani kwangu, Rau, nikitengeneza kisu cha kukunja. Bapa nililichonga kwa tupa kutoka msumeno mkuukuu, mpini nikautoa kwenye mti wa kahawa. Asubuhi ya Krismasi nikaupaka vanishi ung'ae, nikakikunja, nikapanda mlimani kwa wazazi wa mke wangu, Neema.

Mbuzi alipoiva, kidari kikawekwa mbele ya baba mkwe, kama ilivyo haki yake. Nikatangaza ukoo mzima usikie, "Rudisheni visu vyenu. Leo baba anakatiwa kwa kisu cha mkwewe."

Hakikufunguka. Nikavuta kwa kucha, kisha kwa meno, nyama ikipoa.

Baba mkwe akakichukua, akakinusa. "Ulikikunja vanishi ikiwa mbichi?"

"Ndiyo, baba."

"Vijana hamna subira."

Shemeji zangu wakainama wasicheke. Nilitamani kurudi Rau kwa miguu.

Aliyeniokoa, nami nitamshukuru mpaka nizeeke, ni mama mkwe. Alikuja na panga, akaanza kukata kidari taratibu.

"Baba Neema, mwonyeshe na chako. Kiko kabatini tangu tuoane, hakijafunguka mpaka leo."

Mzee akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi nikae.